Benchi la Kuvulia Viatu

Jumapili hiyo Japhet alifika ukumbini mapema, akaliondoa benchi la kuvulia viatu kutoka mlangoni na kulibeba peke yake hadi mbele, karibu na mimbari. Lilikuwa benchi refu la mbao, limelainika kwa miaka mingi ya watu kulikalia wakihangaika na mabuti yao ya baridi. Alilifuta maji ya theluji kwa kitambaa, akalisogeza kidogo kushoto, kisha akafumba macho akaomba.

Aliyetangulia kuingia alikuwa Épiphanie, mama wa makamo kutoka Bukavu, mzee wa kanisa na mshika funguo za kabati la vikombe. Alisimama mlangoni, akatazama mahali benchi lilipokuwa siku zote.

"Papa Mchungaji, hii benchi inafanya nini kule mbele? Mimi nitavua viatu nikikaa wapi?"

"Shika ukuta leo, Mama Épiphanie. Benchi lina kazi."

"Kazi gani?"

"Utaona."

Kanisa lao lilikuwa la watu kama arobaini, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya wachache, na lilipanga ukumbi wa Waswidi pale kitongojini Vårby gård kila Jumapili alasiri, wenyewe wakishamaliza ibada na kahawa yao. Ukumbi ulikuwa na zulia, kwa hiyo viatu viliachwa mlangoni, katika kijichumba kati ya mlango wa nje na wa ukumbi. Ukutani palibandikwa picha ya kuonyesha kila kiti kirudishwe wapi. Japhet alikuwa akiiheshimu picha ile kama amri.

Siku za kazi Japhet aliendesha mashine ya kuosha sakafu katika hospitali moja ya mjini. Jioni mbili kwa wiki alikwenda shule ya watu wazima kusoma historia. Alikuwa ameishia darasa la saba huko Karagwe, na sasa, mvi zikiwa zimemjaa, alikuwa amegundua kwamba kitabu kinaweza kumkosesha mtu kituo chake cha treni. Mwalimu alikuwa amempa kila mwanafunzi kazi ya kuzungumza mbele ya darasa. Japhet alichagua wahubiri wa zamani wa Marekani, na tangu aanze kuwasoma hakuwa na mazungumzo mengine.

Hao ndio waliokuwa mahubiri yake siku hiyo. Aliwasimulia watu habari za wanaume waliokaa juu ya farasi wiki nzima, Biblia imelowa mfukoni, wengi wao bila shule ya maana, wakihubiri mashambani na chini ya mahema kwa wakulima, kwa wanawake, kwa watumwa.

"Ujumbe wao ulikuwa mmoja," alisema. "Haitoshi baba yako kuwa Mkristo. Haitoshi jina lako kuandikwa kanisani. Lazima wewe, wewe mwenyewe, uzaliwe mara ya pili. Na baadhi yao waliweka benchi mbele, kama hili. Aliyelemewa moyoni alitoka alipokaa, akaja, akakaa, wenzake wakamwombea."

Épiphanie alikwenda akakaa, akalia. Kijana mmoja wa Kirundi akamfuata. Ukumbi ukapata joto. Japhet akatazama nyuma, ambako binti yake Ella alikuwa amekaa chini kwenye zulia na watoto, akiwatafsiria mahubiri kwa Kiswidi cha chini chini, kama alivyofanya tangu akiwa na miaka kumi na minne. Sasa alikuwa na kumi na tisa. Wazee walitaka kumsimika rasmi kuwa mwalimu wa watoto, na kwa desturi yao, kila anayepewa huduma husimama na kuitaja siku aliyookoka. Walikuwa wamemuuliza Japhet: binti yako ameokoka lini? Naye alikuwa amekosa jibu, na swali hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Namwona mtu kule nyuma," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mwanangu mwenyewe. Amekulia kanisani, anafundisha wengine, lakini hatujawahi kumsikia akisema siku yake. Ella, njoo, mama. Benchi hili nimelileta kwa ajili yako."

Shingo zote ziligeuka. Ella alikuwa ameshika kikombe cha maji cha mtoto. Alikiweka chini taratibu, akainuka, akaenda, si mbele, bali mlangoni.

Milango yote miwili, wa ndani na wa nje, ilikuwa ya kioo na kila mtu aliona. Hapakuwa na benchi. Ella alisimama kwa mguu mmoja akijaribu kuvaa buti la kushoto, akayumba, akashika ukuta, akarukaruka. Kamba zilikuwa zimelowa na hazikupita. Watoto wawili wakacheka. Buti la kulia hakulifunga, akatoka akiliburuta kwenye theluji.

"Tuombe," akasema Japhet.

*

Nyumbani kwao Alby, Flaviana, mke wa Japhet, aliandaa ndizi na nyama, akaweka sahani tatu kisha akairudisha moja kabatini.

"Simu yake haipatikani," Japhet alisema.

"Inapatikana. Mimi nimempata."

Japhet akaiweka simu yake mezani, kioo chini.

"Yuko wapi?"

"Bredäng, kwa Yara, yule waliyesoma pamoja. Mwenzake Yara anahama, chumba kinabaki. Wamemwambia Ella ajibu kabla ya Jumapili. Unajua vyumba vya mji huu, havingoji mtu."

"Ana chumba hapa."

"Anacho."

Walikula. Japhet alikuwa mtu wa kula haraka, lakini leo alizungusha kipande kimoja cha ndizi sahanini kama anatafuta kitu chini yake.

"Nilimwita kwa upendo, Mama Ella."

"Najua. Ulimwita kwa upendo mbele ya watu arobaini, ukamnyima na pa kukaa avae viatu."

"Benchi lilikuwa na kazi."

"Lilikuwa na kazi tangu zamani. Uliona alivyorukaruka?"

"Niliona."

"Basi."

Japhet akafuta mdomo. "Wale watumishi wa zamani hawakuwaonea haya watu wa nyumbani kwao. Injili ni injili."

"Hao wahubiri wako walikuwa na mabinti?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Bila shaka walikuwa nao. Ila wengi walishinda safarini, juu ya farasi."

"Ndiyo maana," Flaviana alisema, akaanza kukusanya vyombo.

*

Kesho yake mtunzaji wa ukumbi alimpigia Japhet simu akiwa kazini. Hakufoka. Waswidi wa ukumbi ule hawakuwa watu wa kufoka. Alisema tu kwamba wameona benchi liko mbele, na picha inaonyesha mlangoni, na leo alasiri kuna kikundi cha akina mama wazee wa kufuma soksi. Je, Japhet angeweza kupita?

Alipita, na sare yake ya kazi. Wale akina mama walikuwa wamekwisha kufika, watano au sita, wamesimama mlangoni na makoti yao, kila mmoja ameushika ukuta au bega la mwenzake. Japhet alilibeba benchi katikati ya ukumbi wote, wao wakimtazama. Alipolitua, bibi mmoja mwenye fimbo akakaa papo hapo na kushusha pumzi.

"Asante," alimwambia kwa Kiswidi. "Umri wetu huu, kusimama kwa mguu mmoja mbele za watu ni aibu."

Alikuwa akitania. Japhet alitabasamu kama inavyotakiwa, akainama, akamsaidia kuvua buti la kwanza, kisha la pili. Bibi alikuwa na soksi za rangi mbili tofauti. Njiani kuelekea kituoni Japhet aliendelea kuziona akilini.

*

Katika majengo ya Alby, chumba cha kufulia kiko chini ya nyumba, na kila familia hujiwekea zamu yake. Jumanne ilikuwa zamu ya Flaviana. Asubuhi alimwandikia Ella ujumbe mfupi: nguo zako zimebaki huku, nafua saa kumi. Hakuongeza neno.

Saa kumi na robo Ella aliingia, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi. Alimbusu mama yake, akaanza kutenganisha nyeupe na za rangi, kama ambavyo wamefanya wote wawili maisha yake yote.

"Umekula?" Flaviana aliuliza.

Ella alijibu kwa Kiswidi kwamba amekula.

"Umekula nini?"

"Tambi."

"Hicho si chakula."

Ella akacheka kidogo. Kisha mashine ikaanza kujaa maji, na sauti yake ikampa ujasiri wa kusema. Alisema nusu kwa Kiswidi, nusu kwa Kiswahili, huku akikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mama, sina siku. Hilo ndilo tatizo. Nimejaribu kuitafuta. Wengine wanasema, nilikuwa mlevi, nilikuwa gizani, tarehe fulani nikaona nuru. Mimi niliamka tu nikamkuta Yesu yupo nyumbani. Kama wewe. Nikiulizwa nilikujua wewe tarehe gani, nitasema nini?"

Flaviana akafunga mfuniko wa sabuni.

"Ningeweza kudanganya. Kutaja tarehe ni rahisi. Lakini wale watoto ninawafundisha wasidanganye." Akalikunjua taulo, akalikunja tena. "Pappa anadhani siamini. Mbele ya watu wote, anadhani siamini."

"Anaogopa, mwanangu."

"Anaogopa nini?"

"Kwamba atafika mbinguni akute wewe hupo. Halali kwa ajili ya jambo hilo. Mtu mwenye hofu hiyo hana adabu."

Ella alikaa juu ya kapu la nguo. Machozi yalimjia, akayafuta kwa soksi ya baba yake iliyokuwa mkononi.

"Chumba cha Bredäng kina dirisha kubwa," alisema. "Inabidi nijibu kabla ya Jumapili."

"Jibu unavyoona. Lakini usijibu kwa hasira. Chumba kilichochukuliwa kwa hasira kina baridi."

Nguo zilipokauka Flaviana alizigawa katika mifuko miwili. Katika mfuko wa Ella alitia pia bakuli la ndizi na nyama, limefungwa vizuri ndani ya taulo.

*

Kwa kawaida Japhet alifanya mazoezi ya Kiswidi chake kwa Ella. Binti ndiye aliyemrekebisha, wakati mwingine kwa kicheko. Sasa siku ya kuzungumza darasani ilikuwa kesho, na neno alilolihitaji kuliko yote, lile la Kiswidi lenye maana ya uamsho, väckelse, lilimshinda. Lilimgeukia mdomoni kila mara. Alimsomea Flaviana jikoni, naye akatikisa kichwa.

"Mimi mwenyewe silijui. Muulize mwenye Kiswidi."

Japhet aliishika simu muda mrefu. Mwishowe aliandika: *Ella, habari za huko. Naomba unisaidie neno hili, linatamkwaje. Baba.* Akaliandika neno, akatuma, akaiweka simu mbali kama kitu cha moto.

Haukupita muda mrefu, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Hapakuwa na salamu. Ilikuwa sauti ya Ella ikilisema lile neno mara tatu, polepole, kama anavyowasemea watoto. Mara ya tatu palisikika treni ikipita nyuma yake.

Japhet aliucheza tena. Kisha tena.

"Umelipata?" Flaviana aliuliza.

"Nimelipata tangu mwanzo," alisema, akaucheza tena.

Flaviana alizima jiko, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipovuta kiti, mumewe alijua kuna jambo.

"Baba Ella. Tarehe niliyoitaja mbele ya baba yako kabla hatujaoana, unaikumbuka?"

"Kumi na nne Agosti. Nitaisahauje? Siku uliyookoka."

"Mimi nililelewa Mkatoliki. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikasali rozari na bibi yangu, nikampenda Mungu, nikakupenda wewe. Baba yako alikuwa mlokole, akasimama mlangoni, akasema hawezi kula chakula changu mpaka ajue siku yangu. Wali ulikuwa unapoa. Wageni walikuwa wamekaa. Nikataja tarehe ya kwanza iliyonijia kichwani."

Japhet alimtazama.

"Kila mwaka tumekuwa tukiishukuru siku hiyo," alisema taratibu. "Nimekuletea keki."

"Na mimi nimekuwa nikishukuru kweli kweli. Mungu hakukosa jambo la kushukuriwa tarehe hiyo. Lakini mwanao hawezi nilichofanya mimi. Ni mkweli kuliko mimi. Na hilo sijui amelitoa wapi kama si kwako."

Japhet akainuka, akaenda dirishani. Nje, mtu alikuwa akisukuma theluji kutoka mlango wa jengo, na sauti ya sepeto lake ilipanda hadi kwao. Alisimama pale muda wa kutosha sala ndefu, na huenda aliisali. Aliporudi mezani alisema neno moja tu.

"Kumbe."

"Ndiyo," alisema Flaviana. "Chai?"

*

Darasani viti vya mbele vilikuwa vitupu kama kawaida. Wanafunzi wote, watu wazima wenye wajukuu nyumbani, walijibana nyuma. Mwalimu Isak, kijana mwembamba mwenye miwani, alimwashiria Japhet aanze.

Japhet alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Akaiweka karatasi mezani. Alisema kwa Kiswidi chake kizito kwamba wale wahubiri waliwapa watu wadogo jambo kubwa. Mkulima asiyejua kusoma aliambiwa kwamba Mungu anamtafuta yeye kwa jina lake, si ukoo wake, si mchungaji wake. Wanawake walisimama wakashuhudia. Watumwa waliisikia habari ile wakaihubiri wenyewe, wakati mwingine vizuri kuliko mabwana zao. Alitamka neno väckelse, na lilitoka sawasawa.

Kisha alisema yale mengine, ambayo wiki iliyopita hakuwa amepanga kuyasema. Kwamba palikuwa na wahubiri waliomwita mtumwa ndugu mchana na kumwacha utumwani jioni. Na kwamba kwenye yale mabenchi ya mbele, si kila aliyekaa aliona nuru. Wapo waliorudi siku baada ya siku, wakingoja moyo ulipuke, nao haukulipuka, wakaondoka wakidhani Mungu amewakataa. Na kwamba wapo wachungaji wa nchi ile ile waliobishana na wenzao wakisema mtoto anaweza kukua ndani ya imani kama anavyokua ndani ya nyumba, bila kujua siku aliyoingia.

"Uliniambia mwanzoni kwamba unawapenda," Isak alisema. "Bado unawapenda?"

"Nawapenda," alijibu Japhet. "Baba yangu alisema kama wao. Mimi nasema kama baba yangu." Alitafuta maneno, na darasa lilimngoja, kwa sababu wote walijua kutafuta maneno. "Jumapili niliweka benchi kanisani. Nilimwita binti yangu. Nilifikiri yuko mbali na Mungu. Nafikiri... nafikiri mimi ndiye nilikuwa nimekaa mbali naye."

Mama mmoja nyuma akafungua pipi, akampelekea mwenzake bila sauti.

"Hilo halimo katika karatasi yako," Isak alisema kwa upole.

"Halimo," alikubali Japhet. "Liache."

*

Jumapili alipofika ukumbini alikuta Épiphanie amemtangulia. Benchi lilikuwa mbele tena, limefutwa, na juu yake ametandika kitenge kipya.

"Papa Mchungaji, nimetayarisha. Wiki iliyopita watu walilia vizuri. Leo nimeleta na karatasi za kufutia machozi."

"Mama Épiphanie, lirudi mlangoni."

"Mais non, hapana, Papa. Roho ameanza kazi."

"Roho atafika hata pale. Nishikie upande huo."

Walilibeba wawili, yeye akinung'unika kwa Kifaransa, na kitenge kikabaki juu yake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukitoa.

Watu walipokaa, Japhet hakuanza kwa wimbo. Alisimama kando ya mimbari, si nyuma yake.

"Nilichokosea nilikikosea hapa, kwa hiyo nitakisema hapa," alisema. "Nilimwita mwanangu mbele yenu kama mtu asiyemjua Mungu. Nilitaka tarehe. Mungu hakunituma nitafute tarehe. Na kuanzia leo, yeyote atakayepewa huduma katika kanisa hili hataulizwa siku. Ataulizwa kama anampenda Bwana na kama anawapenda hawa watoto. Wazee tutazungumza baada ya chai. Najua baadhi yenu mtanikatalia."

"Tutazungumza sana," alisema Épiphanie kutoka mstari wa pili, na watu wakacheka kwa nafuu.

Flaviana hakucheka. Alikuwa akitazama mlango wa kioo. Nje theluji ilikuwa ikianguka kwa wingi, na kutoka upande wa kituo alikuwa anakuja mtu mwenye kofia ya sufu iliyofunika nyusi.

Japhet naye alimwona. Alikuwa amekwisha kufungua Biblia. Aliisoma aya ya kwanza, akasimama katikati ya ya pili.

Ella aliingia, akaufunga mlango wa nje kwa uangalifu ili usigonge, akaliona benchi. Akakaa juu ya kitenge. Akainama kufungua kamba za mabuti, lakini zilikuwa zimeganda barafu, na vidole vyake vilikuwa na baridi.

"Mama Épiphanie," alisema Japhet, "tuimbishe."

Akashuka. Alipita katikati ya viti kwa soksi zake, wimbo ukianza nyuma yake, akafungua mlango wa ndani, akakaa kando ya binti yake kwenye benchi. Walikaa hivyo, mabega yakigusana kidogo.

"Pappa, watu wanakungoja," Ella alisema.

"Wana wimbo wenye beti nyingi."

Alipiga goti moja kwenye tope la theluji, akaushika mguu wa kushoto wa Ella, akaanza kuivunja barafu kwenye fundo kwa ukucha wa dole gumba. Hakuwa amemvua viatu tangu akiwa mtoto mdogo. Suruali yake ililowa gotini.

"Mama amekuambia?" Ella aliuliza.

"Mambo mengi. Na ya kwake pia."

"Nimechukua kile chumba."

Vidole vya Japhet vilisimama. Ndani ya ukumbi walikuwa wameingia ubeti wa pili. Akaendelea na fundo.

"Umekichukua kwa hasira?"

"Hapana. Nilingoja mpaka hasira ikaisha. Ndiyo maana nilijibu jana, sikujibu Jumatatu." Akamtazama kutoka juu, akaona mvi za baba yake zimeshika chembe za theluji zilizotoka kwenye koti lake yeye. "Ni vituo saba tu, pappa."

"Vituo saba," alisema. Alikuwa akivijua vyote. "Dirisha linafunga vizuri? Baridi haiingii?"

"Linafunga."

"Nitakuja nilitazame. Mama yako ana pazia."

"Okej." Kisha akasema, haraka, kabla hajakosa nguvu: "Nitakuwa nakuja kila Jumapili. Kwa watoto. Lakini sitataja siku."

"Usitaje."

Fundo lilikubali. Japhet alilivuta buti la kushoto, likatoka na maji mengi, akageukia la kulia. Ella akaweka mkono begani kwa baba yake ili asiyumbe, ingawa alikuwa ameketi na hapakuwa na namna ya kuyumba, na akauacha hapo.

"Lile neno ulilisemaje darasani?" alimuuliza kwa Kiswidi.

Japhet alilisema.

"Karibu sawa," Ella alisema. "Karibu kabisa."

Watoto walikuwa wameshamwona kupitia kioo na walikuwa wakimpungia mikono, yule wa kikombe cha maji mbele ya wote, pua yake imebandikwa kwenye mlango. Ella akainuka, akaingia kwao kwa soksi. Japhet aliyachukua mabuti ya Ella, akayapanga chini ya benchi, kando ya yale ya Flaviana, ndimi zikiwa zimefunguliwa ili yakauke.